King'ora cha Jumatatu

"Sijamaliza kula, Bi Verna."

"Umemaliza. Nikisema umemaliza, umemaliza."

Verna Haskett alikuwa ameishika ile sahani kwa mikono miwili juu ya kaunta, na rojo lilikuwa likimwagikia vidoleni. Hakujali. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akipika katika mgahawa huu wa barabarani, na hakuna mteja aliyewahi kumwona akimnyang'anya mtu chakula.

"Mkate wa nyama ni wa wateja," alisema. "Wewe leo hukuja kama mteja. Umekuja kunichukulia mwanangu."

"Nimekuja kwa yote mawili," alisema Lyle Kolar. "Na chakula nimelipia kabisa."

Kwenye meza ya dirishani, mzee Orrin Boyer alikohoa kuficha kicheko. Mkewe Nadine alimpiga teke chini ya meza. Meza ya nyuma yao ilikuwa na mwanamke mgeni, msafiri, aliyempakata mtoto mchanga huku akila supu kwa mkono mmoja. Yeye peke yake ndiye aliyejitahidi kutosikiliza.

Corinne alisimama kando ya mashine ya kahawa na jagi mkononi. Jagi lilikuwa likitetemeka. Aliliweka chini, likaendelea kugongagonga juu ya chuma mpaka alipoliachia kabisa. Alikuwa na miaka thelathini na nne, alikuwa ameolewa akaachika, alikuwa amewatoa walevi wawili nje kwa mikono yake mwaka huo huo, na sasa alikuwa anatetemeka kwa sababu mwanamume mpole alikuwa amemuuliza swali.

"Mama, mrudishie sahani yake," alisema.

"Wewe nyamaza. Nikimaliza naye nitakuja kwako." Verna aliiweka sahani nyuma yake, mbali na mkono wa Lyle. "Hebu niambie, kijana. Ile minara ya umeme wa upepo unayoitengeneza, ina urefu gani?"

"Futi mia tatu hivi."

"Na unapanda kila siku."

"Siku zisizo na upepo mkali. Nafunga mkanda, Bi Verna. Mikanda miwili."

"Ray naye alifunga mkanda."

Hapo hata Orrin aliacha kutafuna. Mji mzima ulijua habari za Ray Haskett, mume wa Verna, fundi wa nguzo za umeme aliyekufa kazini, lakini hakuna aliyewahi kumsikia Verna akimtaja mbele ya wateja.

"Nilikuwa nimesimama hapa hapa," alisema Verna, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nakaanga mayai mawili ya mtu wa meza ya nne. Simu ikalia. Wakaniambia. Unajua nilifanya nini? Niliyamaliza yale mayai. Nikayatia kwenye sahani, nikaweka na mkate, nikampelekea mwenyewe. Kisha nikaanguka. Huyu alikuwa na miaka tisa, alinikuta sakafuni aliporudi shule. Sasa unataka na yeye asubiri simu? Huko Wyoming, hamjui mtu, hana hata jirani wa kumwinua?"

 Lyle alikuwa na tabia ya kulishika neno la mtu kwanza kabla ya kulirudisha. Corinne aliipenda tabia hiyo tangu mwezi wa kwanza alipomfahamu.

"Pole, Bi Verna," alisema mwishowe. "Siwezi kukuahidi kwamba sitakufa. Ningeahidi, ungejua naongopa."

"Basi."

"Lakini swali sikukuuliza wewe." Aligeuka kwenye kile kiti kirefu cha kuzunguka, akamtazama Corinne. "Wewe nimekuuliza wiki tatu zilizopita. Kila siku unaniambia kesho. Leo naondoka, na kesho asubuhi natakiwa niwe kazini huko. Mama yako nimemsikia. Wewe sijakusikia."

Corinne aliyatazama yale macho ya kijivu yenye mikunjo ya jua pembeni, akakumbuka jinsi yalivyotoka pima siku ile ya kwanza. Ilikuwa Septemba. Jumatatu. Lyle alikuwa mgeni mjini, kainamia sahani yake, saa sita mchana ikafika na king'ora cha kimbunga kikaanza kulia juu ya kituo cha zimamoto. Aliruka kutoka kitini, kahawa yote ikammwagikia mapajani. Corinne alicheka hadi machozi yakamtoka. Alimletea taulo, akamwambia, "Ni majaribio tu, kaka. Kila Jumatatu, saa sita. Hapa kwetu ukikisikia kile kitu Jumatatu saa sita, endelea kula."

Tangu siku ile, kila Jumatatu king'ora kilipolia, Lyle aliinua kikombe chake na kumtazama. Hakusema kitu. Aliinua tu kikombe, dakika ile moja, na Corinne alijikuta wiki nzima akiisubiri.

Miezi minane ya kikombe. Na sasa swali.

Alifungua kinywa kusema ndiyo. Badala yake aliiona simu ya ukutani, ile ile ya zamani, ambayo mama yake hakukubali kuiondoa.

"Nenda, Lyle," alisema.

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo."

"Niangalie uliseme tena."

"Usinifanyie hivyo. Nenda tu. Tafadhali."

Lyle alishuka kitini. Alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena kama mtu aliyesahau kofia huvaliwaje. "Asante kwa chakula, Bi Verna," alisema. Alimaanisha, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mlango wa kioo ukafunguka, joto la nje likaingia, ukajifunga.

Verna aliimwaga ile sahani kwenye pipa. "Utanishukuru," alisema.

"Usiongee na mimi, Mama."

"Nanyamaza. Lakini utanishukuru."

Corinne alichukua mfuko wa sukari na kuanza kujaza vile vibakuli vya vioo vya mezani. Ilikuwa kazi ya kuipa mikono shughuli. Nje mchana ulikuwa mzito, mawingu yamejipanga upande wa magharibi tangu asubuhi, na hakuna jani lililotikisika.

Saa sita kamili king'ora kikaanza.

Kichwa chake kiligeuka chenyewe kutazama kile kiti cha mwisho. Kilikuwa kitupu, na bado kilikuwa kikizunguka kidogo.

Mwanamke mgeni alisimama ghafla na mtoto kifuani. "Hicho nini? Ni nini hicho? Tufanye nini?"

"Kaa, binti, kaa," alisema Orrin. "Umetoka wapi?"

"Oregon."

"Ndiyo maana. Hiyo ni kengele ya kutukumbusha kuagiza pai."

"Mwache bwana, usimtanie," alisema Nadine. "Ni majaribio, mpenzi. Kila Jumatatu. Huyu mume wangu husawazisha saa yake kwa hicho king'ora, na bado huchelewa kanisani."

"Mungu hana haraka na mimi."

"Hana. Ameshakujua."

Mgeni alicheka kidogo, cheko la mtu asiyeamini, akakaa pembeni kabisa mwa kiti. Kwa jina aliitwa Tessa, alisema, na mtoto ni Wren, na alikuwa anaenda kwa dada yake. Corinne alisikia nusu nusu. Alimaliza kibakuli cha kwanza cha sukari. Cha pili. Cha tatu.

Kila Jumatatu alijaza vibakuli hivyo king'ora kikilia, na kila Jumatatu kilinyamaza akiwa anafunika cha tatu. Hakuwahi kuhesabu. Mikono ndiyo iliyojua.

Alifunika cha tatu. King'ora kikaendelea.

Alijaza cha nne. Sukari ilimwagika.

"Samahani," alisema Tessa kwa sauti ndogo. "Kwenu huku, anga huwa na rangi ya kijani?"

Corinne aliinua uso. Kwenye kioo cha mbele mwanga ulikuwa umegeuka, rangi ya maji ya dimbwi lililokaa muda mrefu. Kijiti cha kuchokolea meno kilikuwa kikiviringika taratibu juu ya kaunta bila kuguswa na mtu.

"Mama," alisema.

"Ulisema nisiongee nawe."

"Mama. Siku yenye mawingu hawajaribu. Hawajawahi kujaribu siku yenye mawingu. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Verna alisimama na kijiko kikubwa mkononi. Corinne aliona rangi ikiondoka usoni mwa mama yake, kuanzia midomoni. Orrin aliweka uma wake chini polepole.

"Ee Mungu wangu," alisema Nadine. "Tumekaa tunakula."

"Chumba cha baridi!" Verna alipiga kelele. "Wote! Acheni mikoba! Orrin, mshike mkeo, huyo goti lake baya! Wewe binti, mkumbatie mtoto, pita jikoni, mlango wa chuma kushoto!"

Chumba cha baridi, cha kuhifadhia vyakula, kilikuwa nyuma ya jiko, kuta zake nene za chuma, hakina dirisha. Ndicho kilichokuwa chumba pekee madhubuti katika jengo zima. Walikimbia wakigongana. Corinne alimsukuma Nadine mbele, kisha akasimama ghafla mlangoni mwa jikoni.

Lyle yuko barabarani. Lyle anakisikia. Na Lyle haogopi, kwa sababu mimi nilimwambia asiogope.

Alitoa simu mfukoni, vidole vikateleza, akapiga. Ililia. Ililia pale pale, nyuma yake, chini ya kitambaa cha karatasi kwenye kaunta. Lyle alikuwa ameisahau.

Alirudi mbio mbele, akabandika uso kwenye kioo. Uwanja wa maegesho ulikuwa na vumbi linalokimbia chinichini kama moshi. Na mwisho wa uwanja, karibu na barabara, pikapu ya bluu ya Lyle ilikuwa imesimama. Hakuwa ameondoka. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya usukani, mabega yake yamekunjamana, mtu mzima amekaa kwenye gari lake hawezi kuliwasha.

Alikuwa analia. Anakisikia king'ora, anajua ni Jumatatu, na analia.

Mkono ulimkamata kiwiko. "Ndani," alisema Verna. "Sasa hivi."

"Yuko nje, Mama. Yule pale."

"Namwona."

"Anadhani ni majaribio."

"Ana macho. Atatazama juu."

"Hatazami! Hebu mwangalie, hatazami kitu!"

"Corinne." Sauti ya Verna ilikatika katikati ya jina, kitu ambacho Corinne hakuwahi kukisikia. Mkono ulikuwa umekaza hadi unauma. "Nina mmoja tu. Nina wewe tu. Usinifanyie."

Corinne aliogopa. Tangu asubuhi alikuwa akiogopa: simu, nguzo, Wyoming, kulala peke yake katika mji wa watu asiowajua.  Lakini ghafla aliona wazi kwamba alikuwa amemtoa Lyle nje ili asije akampoteza, na sasa alikuwa anampoteza mbele ya macho yake, umbali wa hatua hamsini.

"Mama, niachie."

"Siachii."

"Basi njoo tukafe wote, maana mimi naenda."

Aliuchomoa mkono na kuusukuma mlango.

Upepo haukumpiga, ulimvuta. Ulimnyanyua aproni hadi usoni. Mvua ya mawe ilikuwa imeanza, mawe makubwa kama mayai ya kuku, yakidunda kwenye lami na kwenye mabega yake. Alikimbia ameinama, mkono mmoja juu ya kichwa. Hakutazama magharibi. Alijua akitazama hatafika.

Alipiga kioo cha pikapu kwa ngumi. Lyle aliruka kama siku ile ya kahawa. Aliteremsha kioo, macho mekundu.

"Corinne? Umebadili—"

"Shuka!"

"Ni nini? Si Jumatatu hii?"

"Nilikosea! Ni cha kweli, Lyle, ni cha kweli, shuka!"

Hapo ndipo Lyle alipotazama juu ya bega lake, na Corinne akaona uso wake ukibadilika, naye akageuka. Nyuma ya ghala la nafaka, pale ambapo kila siku palikuwa na shamba la ngano na anga, palikuwa na ukuta. Mweusi. Ulikuwa unazunguka, na ndani yake vilionekana vitu vidogo vidogo vikiruka, na alipoelewa kwamba vile vitu vidogo ni mapaa ya nyumba, alisahau namna ya kupumua.

Lyle alimshika mkono. Hawakuongea tena. Walikimbia. Katikati ya uwanja Corinne alianguka, akasikia ngozi ya goti ikichanika, akainuliwa kwa kiuno kabla hajajua kama ameanguka. Ule mlio wa mbali ulikuwa umekuwa mlio wa karibu, mzito, unaoingia kupitia nyayo badala ya masikio.

Mlango wa mgahawa ulikuwa wazi. Verna alikuwa amesimama katikati yake, miguu ameitanua, akiuzuia kwa mgongo usijifunge. Hakuwa amekwenda kujificha.

"Haraka, wajinga nyinyi!" alipiga kelele. "Haraka!"

Aliwakamata wote wawili, Corinne kwa nywele na Lyle kwa kola ya shati, akawatupa ndani. Walipita kaunta, wakapita jiko, mtu akapiga teke ndoo. Kioo cha mbele kilipasuka nyuma yao chote kwa mpigo mmoja. Wakaingia chumba cha baridi na Lyle akauvuta mlango wa chuma.

Giza. Harufu ya vitunguu na siagi. Mtoto Wren akilia, Tessa akimwimbia wimbo usio na maneno. Nadine alikuwa anasali na Orrin alikuwa akirudia, "Niko hapa, bibi, niko hapa, shika shati langu."

Mlango ulianza kufunguka.

"Unavutwa!" alisema Lyle. "Komeo halishiki!"

Alikuwa ameushika mpini kwa mikono miwili, amekanyaga ukuta kwa mguu mmoja. Mlango uliacha ufa wa mkono mzima, na kwenye ufa ule kulikuwa na mwanga wa kijani na sauti ambayo Corinne angeisikia usingizini maisha yake yote. Verna alijitupa pale. Alishika mpini juu ya mikono ya Lyle, bega lake likiwa kwenye mbavu zake, wakavuta pamoja, ufa ukapungua.

Corinne alijipenyeza katikati yao. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio la mama yake.

"Mama! Naenda naye!"

"Nini?"

"Wyoming! Naenda naye!"

"Shika mlango, Corinne!"

Aliushika. Vidole vyake vilitafuta mahali, vikapata kipande cha mpini kati ya kiganja kikavu cha mama yake na vifundo vya Lyle, vikang'ang'ania. Lyle alikuwa amesikia. Corinne alijua kwa jinsi pumzi ya Lyle ilivyokatika shingoni mwake. Halafu jengo lote likaguna. Kitu kizito kilianguka juu ya paa, kikaburuzika, kikaondoka. Masikio yakaziba. Mpini uliwavuta wote watatu kwa pamoja, kwa nguvu ya kitu kisichojua kama wao ni watu, na Corinne akafumba macho akavuta.

Hakujua ni muda gani. Baadaye Orrin alisema sekunde arobaini, na Nadine alisema Orrin hajui kuhesabu.

Mlango uliacha kuvuta.

Hakuna aliyeuachia. Walisimama gizani, mikono sita juu ya chuma kimoja, wakisikiliza mvua, mvua ya kawaida, na maji yanayochuruzika mahali fulani jikoni. Wren aliacha kulia akaanza kwikwi. Huko mjini king'ora kilikuwa bado kinalia, na kilikuwa kimebaki peke yake.

"Kuna aliyeumia?" aliuliza Verna.

"Goti langu," alisema Nadine, "lakini hilo lilikuwa bovu tangu zamani."

"Sisi wazima," alisema Tessa.

Verna alivuta pumzi ndefu. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mkono wa Lyle. "Umesema Wyoming," alisema, na haikujulikana anaongea na nani.

"Ndiyo, Mama."

"Na umeamua saa hii, kwa sababu umeogopa."

"Niliamua nilipokuwa nakimbia nje. Kukataa ndiko kulikotokana na woga."

  Lyle alijua, na Corinne alimshukuru kwa kujua, kwamba hapo hapakuwa na nafasi yake ya kusema.

"Kule kuna baridi," alisema Verna mwishowe. "Huna koti la maana. Utavaa langu." Aliuachia mpini, akajifuta uso kwa mkono, akamgeukia Lyle gizani. "Na wewe. Kila jioni ukishuka kwenye hayo madude, unanipigia simu. Mimi, kwanza. Huyu atakuwa anakuona."

"Ndiyo, Bi Verna."

"Sijakusamehe."

"Hapana, Bi Verna."

Corinne aliusukuma mlango. Jiko lilikuwa limesimama. Upande wa mbele vioo vyote vilikuwa sakafuni, na pale ilipokuwa pikapu ya bluu palikuwa na lami tupu yenye maji. Lyle alipatazama mahali pale kwa muda. Corinne alikuwa ameshafungua aproni yake. Aliitundika kwenye ndoano ya koti la Verna, akalichukua koti, kisha akachukua ufunguo wa gari lake mwenyewe kwenye rafu ya chumvi. Gari lilikuwa nyuma ya jiko, limejaa majani lakini ni zima.

"Mimi ndiye nitakayeendesha hadi Wyoming," alimwambia Lyle. "Wewe mikono yako inatetemeka."

Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma akaliwasha.